Umri 47, pumzi imerudi ila kano ya kisigino inagoma: nipangeje mazoezi hadi nusu marathoni?

Saa_Kumi_na_Moja:

Wakuu, salaam. Naomba muongozo wa watu wanaoujua mchezo huu kwa undani. Ushauri wa "anza taratibu" nimeshausikia, lakini haunambii taratibu ni kiasi gani.

Mwanaume, miaka 47, kilo 92, urefu sm 176. Ujanani nilikuwa mkimbiaji, kisha ikafuata miaka mingi ya kiti na gari. Natumia dawa ya presha na presha imetulia. Mapigo ya moyo nikiamka ni 74 kwa dakika. Sasa nakimbia siku nne kwa wiki, dakika 30 mfululizo, naingia wiki ya tano. Pumzi imerudi haraka kuliko nilivyotegemea. Shida ni mguu wa kulia: asubuhi nikishuka kitandani kano ya kisigino imekakamaa, nachechemea kama dakika kumi ndipo inaachia. Nikianza kukimbia inauma kidogo, ikipata moto maumivu yanapotea, kesho yake yamerudi.

Lengo ni nusu marathoni baada ya miezi tisa, na baadaye triathloni fupi (kuogelea, baiskeli na kukimbia). Je, niache kukimbia kabisa au nipunguze? Nifuate mapigo gani ya moyo? Baiskeli inasaidia au inapoteza muda? Na hospitali nipime nini?

Pumzi_Ndefu:

Mkuu, hicho ndicho kinachowapata wengi wanaorudi mazoezini baada ya miaka 40, na sababu yake inajulikana: sehemu za mwili hazijijengi kwa kasi moja. Maji ya damu huongezeka ndani ya wiki moja au mbili za kwanza, hivyo moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Ndani ya wiki 4 hadi 6 misuli imeshaongeza mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli) na vishipa vidogo vya damu. Ndiyo pumzi unayoisikia. Kano zina damu kidogo na seli chache, zinahitaji miezi mitatu na zaidi kuongeza ugumu wa maana.

Mfupa ndio wa kuogopwa zaidi. Ukiongezewa mzigo, mwili kwanza unaondoa sehemu iliyochoka, halafu ndipo unajenga mpya, na mzunguko mmoja unachukua miezi 3 hadi 4. Hapo katikati, takriban wiki ya 4 hadi ya 8, mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ya kwanza, wakati mwenyewe unajisikia una nguvu kuliko wakati wowote. Nyufa za mfupa wa muundi na za mifupa ya unyayo hutokea sana kipindi hicho. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza pumzi isiwe kipimo cha umbali. Kipimo ni hali ya miguu asubuhi inayofuata.

Usiache kukimbia, ila dakika 120 za mfululizo kwa wiki ni nyingi kwa kano hiyo. Shuka hadi siku tatu zisizofuatana, ukimbie na kutembea kwa zamu. Mtindo huu Jeff Galloway alianza kuufundisha mwaka 1974 na bado ndio njia salama ya kuirudisha miguu. Anayeanza sifuri hukimbia dk 1 na kutembea dk 2, mara 8. Wewe ingia hatua inayofuata: kimbia dk 2, tembea dk 1, mara 8. Baada ya wiki mbili nenda dk 4 kwa 1, mara 6. Wiki mbili nyingine, dk 8 kwa 1, mara 4. Kisha dakika 30 mfululizo. Kila kipindi kitangulie dakika 5 za kutembea haraka na kimalizike vivyo hivyo. Kila wiki ya nne punguza muda wote kwa theluthi moja, hata kama hujachoka. Ugumu wa asubuhi ukiongezeka kuliko wiki iliyopita, rudia hatua ileile, usipande.

Kasi: uweze kusema sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati. Ukibaki na maneno matatu manne, umezidisha. Wengi wanakosea hapa, kwa sababu mguu unakumbuka mwendo wa ujana.

Halafu hesabu hatua. Hesabu kila unyayo unapogusa chini kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Mtu mzito anayerudi mara nyingi hupata 150 hadi 160 kwa dakika, maana yake anatupa mguu mbali mbele ya mwili na kila hatua inamfungia breki. Ongeza asilimia 5 tu kwa kasi ileile: kama ni 156, lenga 164. Programu ya mdundo kwenye simu inatosha. Goti na nyonga hupungukiwa mzigo. Ila kwa kano ya kisigino usitegemee muujiza hapo, na wala usianze kukimbilia vidole kwa sababu umesoma mahali kwamba ndiyo mbinu sahihi. Kukimbilia vidole kunahamisha mzigo kutoka gotini kwenda kwenye kano hiyohiyo inayouma.

Mapigo_60:

Kabla ya hesabu yoyote ya mapigo, taja jina la dawa. Kama ni za kundi la atenolol, bisoprolol au metoprolol, zinashusha mapigo na kanuni zote za umri hazikufai. Utafukuza namba ambayo moyo hauwezi kuifikia. Mwenye dawa hizo atumie kipimo cha kuongea, au alama ya jitihada 0 hadi 10, akae kwenye 3 hadi 4.

Kama dawa yako haigusi mapigo: 220 kutoa umri inakupa 173. Kanuni ya Tanaka ya mwaka 2001, yaani 208 kutoa 0.7 mara umri, inakupa 175. Zote mbili zinaweza kukosea kwa mapigo 10 au 12 juu au chini, kwa hiyo usizifanye sheria. Kilicho bora ni kuhesabu akiba. Toa mapigo ya kuamkia kwenye ya juu kabisa: 175 kutoa 74 ni 101. Kukimbia kwepesi ni asilimia 50 hadi 65 ya akiba, ukijumlisha tena 74. Hiyo ni takriban 125 hadi 140. Wiki za kwanza utagonga 140 mapema mno. Ukifika, tembea mpaka yashuke 125, ndipo uanze tena. Mapigo ya kuamkia yakishuka, rudia hesabu.

Angalizo kuhusu saa ya mkononi: kihisi cha mwanga mara nyingi kinashika mdundo wa hatua badala ya mapigo. Ukiona 162 imeganda wakati unaongea bila shida, linganisha na idadi ya hatua zako, utakuta zinafanana. Kaza mkanda upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, au tumia mkanda wa kifuani, ukilowesha sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa.

Hospitali sasa. Kabla ya kuongeza makali, pima presha, sukari (ikiwezekana ile ya wastani wa miezi mitatu), mafuta ya damu, kazi ya figo, na umeme wa moyo ukiwa umepumzika. Kipimo cha moyo ukiwa mashineni unakimbia si cha kila mtu. Kinahitajika kama una dalili, au vihatarishi vimejumuika: presha, sukari, sigara, mafuta mengi, au baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65. Dalili ambazo hazisubiri ratiba ni kifua kubana unapojitahidi kisha kuachia ukipumzika, hasa kikivuta taya au mkono. Kuzimia katikati ya mazoezi. Kuishiwa pumzi kwenye kazi uliyoimudu wiki iliyopita. Mapigo kuruka ovyo pamoja na kizunguzungu. Yoyote kati ya hizo, unasimama na unamwona daktari. Humalizii mzunguko. Na ukiwa na homa usikimbie hata kidogo, maana virusi vinaweza kuwa vimegusa msuli wa moyo na mazoezi makali wakati huo ni hatari. Subiri homa iishe kabisa, kisha siku kadhaa nyepesi.

Usisimame ghafla baada ya kipande cha kasi. Damu inabaki miguuni, presha inaanguka, watu wa umri wetu wanadondoka hapohapo kwenye mstari wa kumalizia. Tembea dakika 5 hadi 10.

Saa_Kumi_na_Moja:

Asanteni sana. Dawa ni amlodipine, miligramu 5. Dalili za kifua sina, wala ndugu mwenye historia hiyo. Vipimo nimevipangia. Kano inauma juu ya mfupa wa kisigino kama sm 4, nikiifinya kwa vidole viwili nasikia sehemu moja imevimba kidogo.

Mapigo_60:

Amlodipine haishushi mapigo, kwa hiyo hesabu ile inakufaa. Ila inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, mara nyingi vyote viwili na zaidi jioni. Usichanganye uvimbe huo na jeraha. Uvimbe wa mguu mmoja wenye maumivu kwenye shavu la mguu na joto ni habari nyingine, hiyo nenda ukaangaliwe donge la damu siku hiyohiyo.

KanoNgumu:

Sm 4 juu ya mfupa ni habari njema kidogo, maana kano ya katikati inajibu mazoezi vizuri kuliko ile inayouma pale inaposhikana na mfupa. Tofauti hiyo mtu lazima aijue, kwa kuwa matibabu yake hayafanani. Ya katikati inaruhusiwa kushusha kisigino chini ya usawa wa ngazi. Ya kwenye mfupa hairuhusiwi, kwa sababu ukishusha, kano inakandamizwa dhidi ya mfupa na inazidi kuudhika. Hiyo unafanyia sakafuni, wala usiinyooshe.

Kano hiyo inabeba takriban mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili kwa kila hatua ya kukimbia. Kwa kilo 92 ni zaidi ya nusu tani. Kupumzika kabisa kunaondoa maumivu lakini kunaifanya kano iwe laini zaidi, ndiyo maana mtu akipumzika mwezi anaumia tena wiki ya pili tu ya kurudi. Dawa yake ni mzigo uliopimwa.

Anza na kushikilia: simama kwa mguu mmoja, kisigino kimeinuka nusu, sekunde 45, mara 5, pumzika dakika 2 katikati. Ukishindwa, miguu miwili. Fanya kila siku kwa wiki moja au mbili, maumivu ya asubuhi huanza kutulia. Kisha nenda kwenye mzigo wa taratibu, siku tatu kwa wiki, wiki 12: inua kwa sekunde 3, shusha kwa sekunde 3, seti 3 hadi 4. Wiki za kwanza uzito unaokuwezesha mara 15 tu. Halafu ongeza hadi unaokuwezesha 12, 10, 8, mwishowe 6. Uzito utoke kwenye mkoba mgongoni, dambeli, au mashine. Nusu ya seti fanya goti limenyooka, nusu goti limekunjwa. Goti likikunjwa kazi inahamia kwenye msuli wa ndani wa shavu la mguu, na huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya kukimbia. Watu wanausahau, halafu wanashangaa kano haiponi.

Ipo pia njia ya zamani ya Alfredson ya mwaka 1998: kushusha tu kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa ngazi, seti 3 za mara 15 goti limenyooka na 3 nyingine limekunjwa, mara mbili kwa siku, wiki 12. Inafanya kazi, lakini ni marudio 180 kwa siku na mwenye kazi na familia huiacha njiani. Mimi napendekeza ile ya siku tatu.

Kipimo cha maumivu: 0 hadi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi au kukimbia, endelea. 4 au 5, punguza. Zaidi ya hapo, simama. Na asubuhi inayofuata ugumu usiwe umezidi wa jana. Andika kila siku dakika ngapi unachechemea. Namba hiyo moja inakuambia zaidi kuliko saa yako yote.

Viatu: tofauti ya urefu kati ya kisigino na vidole iwe mm 8 hadi 12 kwa sasa. Vile bapa vya mm 0 hadi 4 vinaivuta kano zaidi. Kipande cha kuinulia kisigino cha mm 8 hadi 10, viatu vyote viwili, kinasaidia wiki chache. Nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu, na upime viatu jioni mguu ukiwa umetanuka. Soli nyingi huchoka kati ya km 500 na 800, na kwa uzito wako tegemea namba ya chini.

Mambo mawili ya hatari. Antibayotiki za kundi la ciprofloxacin na levofloxacin zinaongeza uwezekano wa kano hii kukatika. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba kano inauma na uulize kama kuna nyingine. Usikubali pia kuchomwa sindano ya steroidi ndani ya kano. Na siku ukisikia "paa!" kama umepigwa teke kwa nyuma, halafu ukashindwa kusimamia vidole, hiyo imekatika, hospitali siku hiyohiyo.

Gurudumu:

KanoNgumu, hapo kwenye kuendelea kukimbia mimi nasita. Anachechemea dakika kumi. Angehamia kwenye baiskeli tu wiki mbili, afanye ule ushikiliaji, kisha ndipo aanze zamu za dk 2 kwa 1. Hapotezi chochote cha pumzi kwa wiki mbili.

Na baiskeli si kupoteza muda, mkuu. Ndiyo inayokupa saa nyingi za moyo bila mgongano. Mwenye uzito wako anaweza kukaa saa nzima na nusu kwenye baiskeli wiki ambayo miguu haimruhusu hata dakika 30 za kukimbia. Mapigo kwa jitihada ileile huwa chini kwa 5 hadi 10, kwa hiyo lenga 115 hadi 135. Zungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Wanaorudi huweka gia nzito na kuzungusha 60, goti linalipa.

Kiti ndicho chanzo cha karibu kila lalamiko. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja kwa nguvu kiasi cha kiti, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu, zidisha kwa 0.883. Mfano sm 82 inakupa sm 72.4, ndio umbali kutoka katikati ya ekseli kuu, pale mikono ya pedali inapokutana, hadi juu ya kiti. Hapo ni pa kuanzia, siyo pa mwisho. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35. Goti likiuma mbele, kiti kiko chini au kimesogea mbele mno. Likiuma nyuma, kiko juu. Nyonga zikiyumba kulia na kushoto, kiko juu pia. Rekebisha mm 3 hadi 5 kwa mara moja, kisha uendeshe mara mbili tatu kabla ya kugusa tena. Kwa kano yako hasa: sogeza kiatu mbele kidogo ili ekseli ya pedali iwe nyuma zaidi chini ya unyayo, na usiendeshe ukiwa umeinua kisigino.

Ganzi sehemu za siri siyo ya kuvumilia. Kiti kikae bapa au pua ishuke kidogo sana, na upana wake ulingane na mifupa ya makalio. Simama juu ya pedali sekunde 20 kila dakika 10.

Kasoro ya baiskeli ni moja kubwa: haijengi mfupa. Anayeendesha tu kwa miaka anaweza kuwa na moyo bora na mifupa hafifu. Kwa hiyo vyuma na kukimbia vinabaki.

KanoNgumu:

Wiki mbili za baiskeli pamoja na mazoezi ya kano, sina ubishi. Nilichopinga ni kupumzika bila mzigo wowote.

Bi_Mwendo:

Samahani kwa kuingilia uzi, kaka. Hayo ya mifupa yanabadilika vipi kwa mwanamke wa miaka 51, hedhi inaruka miezi, ikija inakuja nyingi? Nakimbia km 20 kwa wiki, uchovu hauishi.

Mapigo_60:

Dada, anza na damu. Hedhi nyingi za kipindi hiki humaliza akiba ya chuma muda mrefu kabla wingi wa damu haujashuka, na mkimbiaji anaona tu kwamba mlima uleule umekuwa mzito. Omba kipimo cha feritini pamoja na himoglobini. Feritini chini ya 30 kwa kawaida inaonyesha akiba imekwisha hata kama himoglobini bado nzuri. Usimeze vidonge vya chuma kwa kukisia, kwa sababu chuma kikizidi kinadhuru ini. Pima na tezi ya shingo, uchovu wa aina hiyo hufanana. Na hedhi nyingi yenyewe ionwe na daktari wa wanawake, isihesabiwe kuwa ni umri tu.

KanoNgumu:

Kuhusu mifupa: estrojeni (homoni ya kike) inaposhuka, mfupa unapotea kwa kasi miaka michache kabla na baada ya hedhi kukoma, na kano nazo zinadhoofika. Kukimbia pekee hakutoshi. Siku mbili za vyuma vizito kwa wiki: kuchuchumaa na uzito, kuinua kutoka sakafuni, kusukuma juu ya kichwa, seti 3 hadi 4 za mara 5 hadi 8, mwisho wa seti zikibaki mara mbili ambazo ungeweza kufanya. Uzito mwepesi wa mara 20 hauupi mfupa sababu ya kujenga. Baada ya miezi mitatu, kama kano na sakafu ya nyonga (misuli inayoshikilia kibofu) zinaruhusu, ongeza kuruka: mara 10, seti 3, siku tatu kwa wiki. Mkojo ukivuja unaporuka, anza na mtaalamu wa fiziotherapia wa sakafu ya nyonga, linatibika. Na ule vya kutosha. Kukimbia huku unajinyima kula ni njia fupi ya ufa wa mfupa.

Maumivu ya ufa yanatofautiana na ya misuli: yako mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa ncha ya kidole, yanazidi kadiri unavyokimbia badala ya kupotea, na mwishowe yanauma usiku. Yakiwa kwenye kinena, usiendelee hata mita mia, inaweza kuwa shingo ya paja. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza kuonekana safi ingawa ufa upo. MRI ndiyo inayouona mapema.

Pumzi_Ndefu:

Narudi kwa mwenye uzi, miezi ya 4 hadi 9, ukishamudu dakika 30 mfululizo bila kuchechemea asubuhi.

Siku nne za kukimbia kwa wiki, ukianzia km 16 hadi 18 kwa jumla. Nisingeng'ang'ania sana asilimia 10 ya jumla ya wiki. Ninachokilinda ni kipindi kimoja kirefu: kisizidi kwa zaidi ya asilimia 10 umbali mrefu uliokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Kama mrefu wako ni km 10, wiki hii ni km 11. Si km 15. Hapo ndipo watu huumia, Jumamosi moja wakijisikia vizuri. Mwezi wa 6 uwe km 12 hadi 14 kwa kipindi kirefu, mwezi wa 8 km 18 au 19, jumla ya wiki km 35 hadi 40. Huhitaji kukimbia km 21.1 zote kabla ya siku yenyewe. Siku 14 za mwisho punguza jumla kwa asilimia 40 hadi 50, ukiacha kasi kidogo ndani yake.

Kasi isiingie kabla ya mwezi wa nne. Anza na vipande vya sekunde 20 vya haraka bila kukaza, mara 4 hadi 6, mwisho wa siku nyepesi. Kisha mlima mfupi sekunde 30 hadi 60, mara 6, ukishuka kwa kutembea. Mlima unapunguza kishindo kwa mifupa, lakini unavuta kano, kwa hiyo kama kisigino bado kinalalamika, fanyia vipande hivyo kwenye baiskeli: dakika 4 kwa asilimia 85 hadi 95 ya mapigo ya juu, dakika 3 nyepesi, mara 4. Mara moja kwa wiki, basi. Baada ya siku ngumu mwili wa miaka 47 unataka saa 48 hadi 72 kabla ya nyingine. Mapigo ya kuamkia yakizidi kawaida yako kwa 5 hadi 7 asubuhi mbili mfululizo, siku ngumu inaahirishwa.

Chakula: misuli ya umri huu inahitaji protini nyingi zaidi kwa mlo ili ijijenge, takriban gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili. Kwako ni gramu 37 kwa mlo, mara tatu au nne kwa siku, si zote usiku. Kimbio la zaidi ya dakika 90 lina haja ya wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, na tumbo lizoezwe wakati wa mazoezi, lisishangazwe siku ya mashindano. Maji: jipime uzito bila nguo kabla na baada ya saa moja, kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Kunywa kwa kiu, usimalize mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza. Katika Boston marathoni ya 2002 waliopimwa damu mstari wa mwisho, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka, na kilichohusiana nayo zaidi ni kuongezeka uzito njiani kwa kunywa kupita kiasi. Ibuprofen na diclofenac kabla ya mbio ndefu usiguse. Zinabana damu ya figo, zinapandisha presha, na zinaficha maumivu ambayo ndiyo taarifa yako.

Usikate tamaa kwa umri. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia marathoni kwa 2:54:48 akiwa na miaka 73, mwaka 2004.

Saa_Kumi_na_Moja:

Nimenakili yote. La mwisho: siku za vyuma za kano na siku za kukimbia nizipange pamoja au nizitenganishe? Nikizitenganisha sibaki na siku ya kupumzika. Na kuogelea kuingie lini?

KanoNgumu:

Pamoja. Kano ikibebeshwa mzigo mkubwa, siku ya kwanza na nusu inavunja kolajeni (nyuzi zinazoiunda) kuliko inavyojenga, ndipo baadaye inaongezeka. Ukiweka kukimbia Jumatatu na vyuma Jumanne, kano haipati hata siku moja ya kujenga. Kimbia asubuhi, vyuma jioni, pengo la saa 6 likiwezekana. Ukilazimika kuunganisha, kimbia kwanza, kwa kuwa shavu la mguu lililochoka na vyuma haliilindi kano. Kwa hiyo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kukimbia na vyuma. Jumanne na Jumamosi baiskeli, moja dk 45 na nyingine dk 75 hadi 90. Alhamisi na Jumapili hakuna kitu zaidi ya kutembea. Kuanzia mwezi wa nne kimbio la nne liingie Jumamosi, nalo ndilo liwe refu. Ijumaa ibaki vyuma na kukimbia kwepesi tu, na baiskeli ya Jumamosi ihamie Alhamisi.

Gurudumu:

Kuogelea ingiza mwezi wa tatu au wa nne, ukibadilishana na baiskeli ya Jumanne. Triathloni fupi ni mita 750 majini, baiskeli km 20, kukimbia km 5, na inayowashinda watu ni ile mita 750. Anza na mita 25 mara 8, pumzika sekunde 20 hadi 30. Toa hewa yote ukiwa uso majini. Anayebana pumzi huishiwa kwa kujaa kaboni dayoksaidi, wala si kwa kukosa mapafu. Mkono ukiingia majini usivuke mstari wa katikati ya kichwa, ndiko bega linakoanza kuuma. Na usisukume ukuta kwa nguvu kwa mguu wa kulia mpaka kano itulie, kila mgeuko ni mruko mmoja wa mguu.